Simu, mshauri, kliniki, kisomo au wenzako: mawazo yakikulemea, uanzie mlango upi?

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza tulimwekea arobaini kama ada: uji wa pilipili manga, kukandwa kwa maji moto kila asubuhi, na shangazi aliyetoka Lamu kuja kukaa naye. Usiku wa siku ya kumi na nane nilimkuta saa nane ameketi ukingoni mwa kitanda. Mtoto amelala fofofo, shangazi anakoroma, naye anakunja leso, anaikunjua, anaikunja tena ileile. Nikamwambia, "Lala basi, mtoto amelala." Akanijibu bila kuniangalia, "Usingizi hauji, dada. Hata yeye akilala, mimi siupati."

Kwetu Mombasa hali kama ile ina jina moja tu: mawazo. "Ana mawazo." Ukishalitamka, kila mtu ana pa kumpeleka mgonjwa. Mama alitaka aitwe sheikh amsomee kisomo cha Kurani. Jirani alikuwa na mshauri anayemjua. Shemeji alitafuta namba za simu mtandaoni. Mimi nilishika la hospitali. Tulipoteza wiki tatu tukibishana, kila mmoja akitetea mlango wake, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe ni mlango gani angeweza kuurudia wiki inayofuata.

Swali hilo ndilo ninaloliweka mbele siku hizi nikiulizwa na wanawake wenzangu, au na watoto wao waliofika kidato cha tatu na kuanza kujifungia chumbani. Matibabu ya akili, ya vidonge na ya maneno, karibu yote hufanya kazi kwa kurudi: mara ya pili, ya tatu, ya tano. Bingwa mkubwa utakayemwona mara moja kisha usimrudie, iwe kwa nauli, kwa aibu au kwa kuhofia kuonwa, atakufaa kidogo kuliko mtu wa kawaida aliyefunzwa vizuri ambaye utakaa naye wiki tano. Nailinganisha hapa milango ambayo mtu wa Pwani ya Kenya anaweza kuifikia, nikitumia kipimo hicho kuliko kipimo cha ukubwa wa jina.

Pasipo na kuchagua

Kuna hali ambazo ulinganisho huu hauzihusu. Mtu anayesema anataka kujiua na ameshafikiria namna ya kufanya, mtu aliyekwisha kujidhuru, mtu anayesikia sauti zinazomwamrisha: huyo ni wa hospitali leo, kitengo cha dharura, na asiachwe peke yake njiani wala nyumbani. Hali kadhalika mama aliyejifungua juzijuzi ambaye halali kabisa, anazungumza mambo yasiyoshikana, au anaamini mtoto wake amebadilishwa au si binadamu. Hali hiyo huwapata mmoja au wawili katika kila wanawake 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ikiwahiwa hutibika vizuri. Watu hungoja arobaini iishe ndipo wamtoe nje. Msingoje.

Tena msiogope kumuuliza mtu waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi ndilo linalomfungua kinywa. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29, na bado katika nyumba nyingi hilo ndilo swali lisiloulizwa. Hofu ya polisi nayo ilichangia ukimya huo, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Basi aliyejidhuru apelekwe akatibiwe, na anayempeleka aeleze ukweli wote mbele ya daktari.

Simu ya bure na mshauri wa ana kwa ana

Ubora wa simu ni kwamba ipo usiku, na mawazo ndiyo saa zake hizo. Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini ya 1199, ya bure, kwa yeyote anayetaka kuzungumza na mtu aliyefunzwa kusikiliza. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, nayo ni ya bure na hupokelewa saa 24. Mtoto na kijana aliye chini ya miaka 18 ana 116 ya Childline Kenya. Kama mzizi wa jambo ni unga (heroini), pombe au muguka, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana 1192. Huhitaji nauli ya kutoka Likoni kuvuka, hakuna anayekuona ukiingia, na una uhuru wa kutotaja jina.

Udhaifu wake ni kwamba aliyekupokea leo huenda asiwe atakayekupokea kesho. Unaanza kusimulia upya, na kusimulia upya kunachosha. Kisha kuna simu yenyewe. Katika nyumba nyingi za kwetu simu moja ni ya watu watatu: mama anaipigia, mtoto anaichezea, mume anaipekua. Namba ya tarakimu nne kwenye orodha ya simu zilizopigwa huonekana upesi. Kama hiyo ndiyo hofu yako, ifute mara tu ukimaliza, au azima simu ya mtu unayemwamini, na uwe na neno tayari la kusema mtu akiingia ghafla. Mdogo wangu alipiga akiwa bafuni, bomba la maji limefunguliwa ili sauti isitoke. Alizungumza kama nusu saa. Baadaye aliniambia ilikuwa mara ya kwanza kusema kwa sauti kwamba hamsikii mwanawe moyoni, na mtu wa upande wa pili hakushtuka.

Mshauri nasaha wa ana kwa ana anakupa kile ambacho simu haina: mtu yuleyule. Kikao cha tatu anakumbuka jina la mama mkwe wako, na anakumbuka ulisema nini ulipokuwa unacheka ili usilie. Kwa mambo yaliyokaa muda mrefu, kama kudhulumiwa utotoni, msiba usioisha, au ndoa inayokumaliza kidogokidogo, simu hailingani naye.

Ila analipwa, na bei za mjini hupishana sana, kwa hivyo uliza kabla ya kukaa: ni kiasi gani, kwa muda gani, na je, mwanafunzi hupunguziwa. Uliza pia amesomea wapi na amesajiliwa na nani. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na aliyeisomea kazi hii haoni uchungu kuulizwa. Swali la tatu ni kuhusu siri: atamwambia nani, na lini? Mwenye maadili atakueleza wazi kwamba siri yako ina mpaka mmoja mkubwa, nao ni pale uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini. Anayekuahidi siri isiyo na mpaka hajafunzwa vizuri. Mbaya zaidi ni yule anayekutolea mfano wa mteja mwingine hadi ukamtambua. Mombasa ni mji mdogo. Kesho wewe ndiye utakayekuwa mfano.

Chagua simu unapotaka kulitoa neno kwa mara ya kwanza. Chagua mshauri ukijua mazungumzo yatakuwa marefu. Na ukikaa naye vikao vitatu bado unamficha lile lililokupeleka, tafuta mwingine, hujamkosea mtu.

Maneno na dawa

Hofu ya vidonge vya sonona, ile huzuni nzito isiyoisha ambayo Kiingereza huitwa depression, ni kubwa kuliko vidonge vyenyewe. "Zitamlevya." "Ataishi nazo mpaka kufa." Dawa za sonona hazilevyi wala hazimfanyi mtu atamani kuongeza kila siku. Zinazoleta mazoea ni nyingine: vidonge vya kutuliza na vya usingizi, vile ambavyo watu huuziana dukani bila cheti kwa kuwa vinafanya kazi usiku uleule. Hizi mbili huchanganywa sana, na kwa sababu hiyo mtu anaikimbia ile inayomfaa na kuikumbatia ile ya kuogopa.

Shida halisi ya dawa za sonona ni ya saa yake. Huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla ya mtu kuanza kuhisi tofauti, lakini kichefuchefu na kuumwa kichwa huweza kuja wiki ya kwanza. Mtu anameza siku sita, anahisi vibaya zaidi, anasema hazinifai, anaacha. Kumbe ameacha palepale kwenye kizingiti. Anayeandikiwa dawa hizi aambiwe jambo hili mapema na mtu wa nyumbani alijue pia. Na siku ya kuziacha ikifika, hupunguzwa kidogokidogo kwa mkono wa daktari, hazikatwi ghafla kwa sababu mtu amepata nafuu.

Kwa hali nyepesi na ya katikati, kuanza na mazungumzo ni busara. Kwa nzito, pale mtu hali, halali, haogi, hawezi kazi, maneno peke yake hayana pa kushika. Dawa humpandisha mpaka afike mahali anapoweza kuzungumza. Mama anayenyonyesha asiambiwe achague kati ya mtoto na tiba. Zipo dawa za sonona zinazotumiwa wakati wa kunyonyesha, ile inayoandikwa sertraline kwenye pakiti ikiwa mojawapo. Amweleze daktari kwamba ananyonyesha, asiache kunyonyesha wala dawa kwa ushauri wa barazani.

Wapi? Hapa Mombasa, Port Reitz ina kitengo cha magonjwa ya akili, na Nairobi kuna Mathari, hospitali yenye historia tangu mwaka 1910, ambayo jina lake watu wamelifanya tusi la mtaani. Tusi hilo limewazuia wengi kuliko umbali. Lakini si lazima uanzie hospitali ya akili. Anzia kituo cha afya unakokwenda kwa malaria, umwone mhudumu wa afya aliye zamu, umweleze usingizi wako, chakula chako na mawazo yako kwa mpangilio huo. Usingizi na chakula ni rahisi kuyataja, na yeye atajua pa kukupeleka. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imeziwekea kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na watu, na imempa mgonjwa haki ya siri yake kulindwa.

Haki ya siri ndiyo iliyovunjwa mara yetu ya kwanza. Tulikaa kwenye benchi na wanawake wengine wenye watoto. Mhudumu akatoka mlangoni na faili mkononi akapaza sauti, "Wale wa akili wanifuate!" Mdogo wangu alinyanyuka, akafunika uso kwa mtandio, akatoka nje moja kwa moja mpaka stendi ya matatu. Hakurudi pale. Daktari aliyekuwa ndani huenda alikuwa hodari, hatukumjua.

Kisomo na kliniki

Hapa ndipo ugomvi mkubwa wa majumbani ulipo, na sipendi namna unavyoendeshwa na pande zote mbili. Waliosoma hudhani kila anayesomewa amepotea. Wazee hudhani anayekwenda hospitali amekana dini, au amekubali kuitwa mwendawazimu.

Nimeona kisomo kikifanya kazi ambayo kliniki haiwezi. Babu yetu alimsomea mdogo wangu kila Alhamisi baada ya Magharibi, mkono wake juu ya paji la uso wake, sauti ya chini. Nyumba nzima ilinyamaza kwa ajili yake. Kwa nusu saa hiyo hakuna aliyemuuliza kwa nini hatabasamu na mtoto mzuri kama yule. Machozi yalimtoka bila mtu kumwambia asilie. Wakristo wa kwetu wanakijua kitu hicho katika maombi. Faraja hiyo ni ya kweli, inapatikana bure, iko nyumbani, na inaweza kurudiwa kila wiki. Kwa kipimo changu cha kurudi, kisomo kina alama za juu.

Ila kina mipaka, na mipaka hiyo inajulikana kwa vitendo. Msomaji mwema hamwambii mgonjwa aache vidonge. Hamfungi kamba, hamchapi kumtoa shetani, hamlazi na njaa, hamtengi na watu wake. Hataki kubaki na msichana peke yake mlango ukiwa umefungwa. Anajua lini ni zaidi yake na anasema, "Mpelekeni hospitali, mimi nitaendelea kumsomea." Masheikh na wachungaji wa namna hiyo wapo. Ukimpata, umepata mshirika wa daktari.

Mganga wa pepo ni suala lingine. Uhodari wake mmoja ni kwamba anatoa maelezo: kuna husuda, kuna jini, kuna fulani aliyekutazama vibaya. Mtu aliyelemewa hutamani sana kujua kwa nini mimi, na daktari mara nyingi hana jibu la swali hilo. Lakini maelezo ya mganga mara nyingi yana jina la mtu ndani yake. Mama mkwe, mke mwenza, jirani. Unaondoka na ugonjwa uleule, pamoja na adui mpya, na deni la mbuzi. Binafsi simpeleki huko mtu wangu. Anayekwenda kwa kuwa familia imeamua hivyo, angalau asiruhusu dawa zake zikatishwe, na asivuke siku moja bila hospitali ikiwa ana dalili zile za dharura.

Kwa hivyo kati ya kisomo na kliniki, hakuna haja ya kuchagua isipokuwa mmoja wao akikulazimisha. Anayekulazimisha ndiye wa kuachwa.

Peke yako au pamoja na wenzako

Wanawake wa kwetu wamezoea kubeba mambo katika chama, katika shughuli za harusi, jikoni kwenye msiba. Ajabu ni kwamba utafiti wa miaka hii ishirini na zaidi umekuja kukuta jambo lenye nguvu palepale.

Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, watafiti waliwakusanya wanakijiji wenye sonona katika vikundi, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo, wasio madaktari. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: waliokuwa vikundini walipata nafuu kubwa kuliko waliobaki bila. Nairobi, mwaka 2017, ulitolewa utafiti wa wanawake waliopitia dhuluma za kijinsia. Wahudumu wa afya wa jamii walikaa na kila mmoja vikao vitano, wakimfundisha kupumua, kulipanga tatizo moja moja, na kurudia shughuli alizoziacha. Dhiki yao ilipungua. Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakutumia jina la kitabuni la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Nilipolisoma hilo nilisema kumbe ni mawazo yetu haya haya. Benchi hilo limefika mpaka Zanzibar.

Kwa vijana kuna mfano wa hapa hapa Kenya unaoitwa Shamiri, neno letu wenyewe. Wanaoongoza ni vijana wa miaka 18 hadi 22 waliomaliza sekondari juzi, wanakaa na wanafunzi kikundi kwa kikundi, saa moja kwa wiki, wiki nne. Hawazungumzii ugonjwa, wanazungumza juu ya kukua, kushukuru na yale ambayo mtu anayathamini. Utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua, na nafuu ikidumu kwa miezi. Nadhani siri yake ni kwamba mwanafunzi hahitaji kujitangaza mgonjwa ili aingie.

Kikundi kina bei yake, nayo ni siri. Watu kumi wana midomo kumi. Usikipeleke kwenye kikundi kitu ambacho kikitoka nje kitakuvunjia ndoa au kukufukuzisha nyumbani. Hicho mpelekee mshauri au simu. Upweke, msiba, uchovu wa ulezi, kuachika, mitihani: haya kikundi huyabeba vizuri kuliko chumba cha watu wawili, maana unamsikia mwingine akilisema lako kwa mdomo wake.

Kijana: mwalimu wa shule au mtu wa nje?

Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha. Mara nyingi ndiye huyohuyo anayefundisha hesabu, anayesimamia bweni, pengine na anayeshika fimbo ya nidhamu. Mwanafunzi anajiuliza: nikimweleza leo kwamba sitaki kuishi, kesho ataniangaliaje darasani? Swali la haki kabisa. Mwalimu anafaa sana pale jambo liko ndani ya shule, mathalani uonevu au hofu ya mtihani, na pale kijana amekwisha mwamini mwenyewe. Kwa mambo ya nyumbani au ya mwili, mtu wa nje ni salama zaidi, na 116 haihitaji ruhusa ya mwalimu wala ya mzazi.

Mzazi, angalia hili: karibu nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 18. Mtoto aliyebadilika, akaacha mpira aliokuwa akiupenda, alama zikashuka, usingizi ukageuka mchana, usimkabidhi kwa hotuba. Mpe mlango auchague, na umwambie waziwazi kuwa hutamuuliza walichozungumza.

Anayepigwa nyumbani

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa njia ni moja. Ukipigwa au ukibakwa, mawazo utayatibu baadaye; kwanza ni usalama na saa. Dawa za kinga ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa, pamoja na ushauri, na 1195 watakuelekeza hata kama hujui uanzie wapi. Usioge wala usifue nguo kabla ya kuonwa ukiweza, lakini kama umekwisha oga, nenda vilevile. Upatanisho wa kifamilia usiwekwe mbele ya tiba. Mshauri anayekuambia uvumilie kipigo hafai, awe na vyeti vya aina gani.

Tulivyoishia

Mtu wa simu ndiye aliyemwambia mdogo wangu: chanjo ya mtoto ijayo ni lini? Wiki ya kumi. Basi, akamwambia, usitafute zahanati nyingine. Siku hiyo, muuguzi akimaliza kumchoma mtoto, mwambie kuwa na wewe hulali. Katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, kwa hivyo muuguzi wa chanjo huwa amewaona wengi.

Ndivyo ilivyokuwa. Muuguzi alimvuta pembeni, akafunga mlango, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza uzito wa mtoto. Akampa tarehe ya kumwona daktari, akaipanga siku moja na ya kumpima mtoto. Kadi ya mama ikachomekwa ndani ya kijitabu cha mtoto. Tangu siku ile, mtu akimuuliza njiani anakwenda wapi, jibu lake ni la kweli: ninampeleka mtoto kliniki.

Dawa zilianza kumshika wiki ya tatu. Alhamisi babu alikuja kama kawaida, akamsomea. Chanjo ya wiki ya kumi na nne alikwenda peke yake, kwa matatu, mtoto amefungwa kifuani kwa leso ileile.